Ng'ombe za Franka Zilivyotufikisha Baharini

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu nyinyi wa bweni mtausikia tu kutoka kwa mtu mwingine. Nilisema najua Kiitaliano. Nilisema mbele ya mama, mbele ya Senge na mbele ya sufuria ya chai, bila haya, nikaongeza ati Padre hutufunza Jumamosi tukimaliza kufua. Padre wetu mnamjua. Kiitaliano chake kinaishia kwenye lebo ya viatu vyake.

Shida ni kwamba safari haikuwa yangu. Franka, yule nesi Mwitaliano aliyekuwa na zahanati karibu na Merigi mpaka nilipokuwa darasa la pili, alikuwa amewaalika watu wawili wakapumzike kwake kando ya bahari likizo ya Aprili: Senge, yaani dada mkubwa wa baba, na mtu wa kumsindikiza. Mtu huyo alikuwa mama. Mimi nilikuwa sijapita Nakuru, na nikaona si haki mtu apelekwe Ulaya hali hata bwawa la kiwanda linamtia kizunguzungu.

Lakini mama hakutaka kuona bahari. Alitaka kumwona Franka kuhusu ng'ombe. Siku Franka alipohama alimtoa zizini ng'ombe wake mweupe, Chelel, akaweka kamba mkononi mwa Senge, akalia, akaingia kwenye gari. Hakusema kitu. Kwetu, rafiki akikuwekea ng'ombe, hiyo ni kimanagan. Wewe unachunga, maziwa unakunywa, lakini ng'ombe na kila atakachozaa ni mali ya mwenyewe, na huuzi hata mkia mpaka yeye aseme. Senge alichunga. Chelel akazaa, watoto wake wakazaa, na sasa kuna madume matatu yasiyo na kazi yoyote duniani yanayokula nyasi kwenye mteremko ule mama anautaka kwa majani chai. Miche yake iko tayari kwenye makaratasi chini ya kivuli, inarefuka kila siku. Mvua ya Aprili ndiyo ya kupanda. Ikipita, miche inazeeka ikiwa bado mitoto.

Baba anafanya kazi Kericho na huja mwisho wa mwezi. Akiulizwa kati ya mke wake na dada yake ni nani ana haki, anakumbuka kuna kitu amesahau kwenye baiskeli.

Senge alikikubali Kiitaliano changu haraka, haraka ya kutia shaka. Mama alinitazama muda mrefu, kisha akanivuta jikoni. Akasema sawa, niende mimi, lakini nisirudi bila neno la Franka. Ziuzwe, zigawanywe, zipelekwe kwao kwa meli, yote sawa kwake, bora mteremko uwe wazi kabla mvua haijakatika. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Ujinga wa pili huo, lakini siuhesabu.

Merigi hadi Nairobi, juu ya ndizi

Tulibebwa na Ombati, mfanyabiashara wa Sotik anayepeleka ndizi Nairobi kwa pikapu. Senge alikaa mbele na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwa mkaa, mapajani. Mimi nilipanda nyuma, juu ya ndizi, kama mwana wa chifu.

Kabla hatujatoka Senge alinipa sheria. Huko tuendako hakuna mtu kutaja ng'ombe. Mwenye ng'ombe ndiye huuliza kwanza. Mchungaji akitangulia kuuliza, ni kama anasema amechoka, au anazitaka, na yote mawili ni aibu. Nikamuuliza, na Franka asipouliza? Akaniangalia kama nimeuliza jua lisipotoka.

Kwa hiyo nilianza safari na amri mbili mfukoni, moja ya mama na moja ya Senge, na zilikuwa zinapigana.

Mbele ya Narok tulikutana na kundi la ng'ombe likivuka barabara. Ombati alipunguza mwendo na Senge akashuka. Alitaka kuona ng'ombe mmoja vizuri. Mchungaji alisema Kimaasai, Senge akajibu Kipsigis, na kwa maoni yangu walielewana kuliko mimi na mwalimu wa fizikia. Walishika pembe, wakashika kiwele, wakabishana juu ya umri wa fahali mmoja hadi Senge akamfungua mdomo kuangalia meno. Ombati alipiga honi, akapoa, akazima injini, akala ndizi zake mwenyewe. Aliniambia amewahi kubeba wagonjwa, maharusi na hata maiti, na wote walikuwa na haraka kuliko shangazi yangu.

Ndizi zilizotoka Sotik zikiwa kijani ziliingia Nairobi zimeanza kunukia.

Nairobi hadi Roma

Kwenye ndege Senge alikataa kuachana na kibuyu. Walipoleta chakula kulikuwa na kikopo kidogo cha maziwa mala yenye sukari. Alionja, akafunika, akaniambia kwa upole kwamba ng'ombe aliyetoa haya alikuwa mgonjwa na mtu aliyeyatia sukari alikuwa anaficha.

Roma, askari wa forodha alifungua kibuyu chenyewe. Alinusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa, akaona ule weusi wa mkaa ndani, na nyuso zao zikafungwa. Wakauliza kitu. Senge akageuka kwangu, kwa sauti ya mtu aliyelipia kitu na sasa anataka kukiona: nizungumze nao.

Jamani, nilitoa nilichokuwa nacho, Kilatini cha misa. Nilianza na "Gloria in excelsis Deo," yote, bila kuimba, nikiashiria kibuyu. Walipozidi kunitazama nikaongeza "Agnus Dei" na kumwashiria Senge, aliyekuwa amevaa rozari nje ya koti. Yule mkubwa aliangalia kibuyu upya. Nadhani aliona ni kitu cha ibada. Alikifunga mwenyewe, polepole, kwa mikono miwili, akatuonyesha mlango.

Tulipofika mbali Senge alisema, "Ile ya kwanza ni ya Krismasi."

Nikajifanya natafuta njia.

"Kwani unafikiri sikujua? Mama yako angetaja ng'ombe kabla hajavua koti. Nilitaka mtu niliyemshika na uongo. Huyo nikimwambia nyamaza, atanyamaza."

Mimi nilijiona mjanja wa Bomet yote. Kumbe nilikuwa mzigo uliochaguliwa kwa sababu una mpini.

Treni iliyogoma

Kutoka Roma tulipanda treni kwenda kaskazini, bahari ikiwa upande wa kushoto. Senge aliitazama kidogo, akauliza kama maji yale yote ni ya chumvi kweli, nikasema ndiyo, akasikitika. Maji mengi namna hiyo na hakuna hata ng'ombe mmoja analamba.

Katikati ya safari treni ilisimama kwenye kituo kidogo na haikuendelea. Wafanyakazi wamegoma. Nyinyi mnajua mimi si mgeni wa migomo, lakini mgomo wetu una mawe na mkuu wa shule anakimbia. Wa kwao una kahawa. Watu walishuka, wakakunja magazeti, wakaagiza kahawa, na dereva mwenyewe akaja kunywa nao.

Mama mmoja mnene mwenye kapu aliona tumebaki kwenye benchi akatununulia. Vikombe vyenyewe vidogo kama vya watoto kuchezea. Senge alikunywa mara moja, ikaisha, akakaa wima akingoja. Nikamuuliza anangoja nini. Kahawa yenyewe, akasema, hii si alikuwa ameonjeshwa? Tukangoja. Yule mama akafikiri tumekasirika, akatukatia mkate na nyama ya nguruwe. Senge alikula mkate, akaipokea nyama kwa shukrani nyingi na kunikabidhi mimi, na alipomaliza akampa yule mama mkono na kumwambia Kipsigis kirefu ambacho hakikuhitaji mkalimani. Treni ilipoamka, tulikuwa tumebeba nusu ya kapu lake.

Kazi ya kukaa

Franka hakuwa amebadilika, isipokuwa nywele. Alimkumbatia Senge kituoni mpaka watu wakapita pembeni. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha zahanati: vua shati, vuta pumzi, mama anaendeleaje. Alituuliza habari za mvua, za kanisa, za bei ya majani, za mzee aliyemshona kidole. Senge alijibu kila moja taratibu na baada ya kila jibu alisimama kidogo, akimwachia nafasi.

Franka hakuuliza ng'ombe.

Nyumba ilikuwa juu ya bahari, kwenye mlima uliokatwa ngazi ngazi. Chakula cha kwanza kilikuwa ugali. Nawaambia ugali, wa mahindi, wa manjano. Senge alifurahi hadi ulipomiminwa. Ulikuwa laini ule wa kumpa mtu aliyetoka kulazwa, na aliniuliza kwa siri ni nani mgonjwa nyumbani humu. Siku iliyofuata alikuja samaki, na kichwa chake, na macho. Senge hajawahi kula samaki na hakupanga kuanza na mmoja anayemwangalia. Alisema amefunga. Franka akafurahi kuona rafiki yake bado ni mcha Mungu, na akatuandalia samaki tena, ili Senge akiamua kufungua akute.

Chai ndiyo ilituumiza. Sisi, watu wa chai, tulipewa kikombe cha maji moto na kifuko chenye uzi, na kando yake limau. Senge alipasua kifuko, akamwaga majani kiganjani, akayapuliza. Ilikuwa vumbi, ile inayofagiliwa chini ya mashine. Alirudisha yote kwenye kifuko kwa heshima, akanywa maji.

Mchana tulishuka pwani kupumzika. Watu walikuwa wamelala kwenye mchanga wakijigeuza upande kila baada ya muda, kama mahindi yaliyoanikwa na mwenyewe anaogopa mvua. Senge alikaa katikati yao na koti, kitambaa na soksi. Siku ya kwanza alisuka kamba. Siku ya pili alisuka nyingine. Mimi niliingia majini hadi magotini, nikapigwa na baridi, nikatoka nikijifanya nimetosheka.

Na kila jioni Franka akimwambia Senge kwa jina lake, "Haya, Taprandich, nieleze, nyumbani kuna nini kipya?" mimi nilishika meza. Senge alieleza habari za mvua tena.

Siku zikapita. Nikiona wingu juu ya bahari nilikuwa naiona miche ya mama.

Kupanda kwa Berto

Asubuhi moja Senge hakuwa chumbani. Tulimtafuta na Franka hadi tukamkuta juu kabisa ya mlima, kwenye banda la mzee mmoja anayeitwa Berto, akimkamua ng'ombe wa mzee. Berto amesimama kando ameshika kofia. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja na ndoo ilikuwa imejaa.

Mimi nilielewa mara moja. Senge hakuruhusiwa kutaja ng'ombe wa Franka. Hakuna aliyemkataza kusimama karibu na ng'ombe mpaka Franka amuone. Ng'ombe wa Berto mwenyewe alikuwa mweupe. Senge alikuwa ametafuta mlima mzima kupata huyo.

"Anafanana na Chelel," alisema, bila kuinua kichwa, akikamua.

Franka alitabasamu. "Chelel ni nani?"

Mikono ya Senge ilisimama. Kisha ikaendelea, lakini maziwa yalikuwa yanaingia ndooni kwa sauti nyingine. Alimaliza, akafuta chuchu, akampa mzee ndoo yake. Tuliposhuka alitangulia yeye, na Senge hushuka mlima haraka akiwa na hasira, nyinyi hamjui. Franka aliniuliza kama amesema kitu kibaya. Nikamwambia ni magoti.

Mchana wa mwisho

Siku moja kabla ya kuondoka nilivunja sheria. Nisiwadanganye kwamba ni ujasiri. Nilikuwa nimemwona mama akilini, amesimama mlangoni, na kati ya Senge na mama ninamwogopa mama zaidi.

Tulikuwa tunakula nje, ugali wa mgonjwa tena. Franka alisema ati ni huzuni, likizo imekwisha na hajasikia habari zote. Nikaweka kijiko chini nikasema, "Bado ng'ombe zako."

Senge alinikanyaga mguu. Ulikuwa umechelewa, huo mguu.

Franka akauliza ng'ombe gani, nami nikamwambia: Chelel, yule aliyemtoa zizini siku ya kuhama, na watoto wake, na watoto wa watoto, na madume matatu. Alishika kifua. Akacheka kwanza, kisha macho yakajaa maji.

"Lakini Taprandich, nilikupa. Ilikuwa zawadi. Zote ni zako, miaka hii yote."

Basi, nikajisemea, kazi imekwisha. Mteremko ni wetu. Nilikuwa tayari nimeanza kutafuna.

Senge alisimama. Sijawahi kumuona akisimama polepole hivyo.

"Zawadi ina watu wa kushuhudia," alisema. "Wewe uliniwekea kamba mkononi tukiwa wawili. Nimekataa mnunuzi mlangoni. Dume limemvunja mkono kaka yangu na sikulichinja, kwa sababu si langu. Watu wananiita mwaminifu. Leo unaniambia nilikuwa nachunga zangu? Basi mimi ni nani, mjinga?"

Akaenda chumbani, na tukasikia sanduku likivutwa.

Franka alikaa. Aliniuliza Senge alikuwa na maana gani, na nilimweleza kimanagan vizuri, bila mzaha hata mmoja, mkitaka kuamini. Nilipofika mahali pa mwenyewe kuuliza kwanza, alifunika uso kwa mikono. Alikuwa amemsikia Senge akimaliza sentensi na kungoja, kila jioni, na alidhani ni uzee.

Alinawa uso, akamfuata. Senge alikuwa ameshashuka pwani, amekaa na sanduku na soksi zake katikati ya watu waliolala. Nilibaki kwenye ukuta wa juu, na upepo ukanipandishia sauti. Franka alikaa mchangani kando yake. Halafu Franka akauliza, kwa sauti ya zahanati, "Chelel amezaa?"

Senge akavuta pumzi na kuanza. Alianza na ndama wa kwanza, rangi yake, siku aliyokataa kunyonya, na alikuwa bado hajafika kwa wajukuu watu walipokunja mataulo yao wakaenda. Franka aliuliza ni wangapi. Kumi na mmoja. "Kumi na mmoja wangu?" alisema, na hapo, rafiki zangu, nilisikia sauti ya mtu anayetajirika. Aliuliza pembe. Aliuliza majina. Alitaka kujua dume lipi ndilo kubwa. Mama wa watu alikuja pwani hana hata kuku, na kabla jua halijazama alikuwa akimwambia Senge madume yasiuzwe hata moja, anayapenda yote, na mwezi wa Agosti atakuja mwenyewe Merigi kuona mali yake. Siku hiyo, mbele ya watu, atamchagulia Senge mtamba mmoja, kama inavyotakiwa. Kabla ya hapo pasiguswe kitu.

Senge alikula samaki jioni ile. Alisema ana ladha ya udongo, akaongezewa.

Kurudi

Tulirudi tumebeba kengele ya shaba, zawadi ya Berto kwa Chelel, na mfuko mzito wa chumvi ya bahari, ile ya mawe mawe, zawadi ya Franka kwa ng'ombe zake. Nairobi askari alifungua mfuko, akaona vitu vyeupe vinang'aa, akauliza kwa Kiingereza kikali ni nini. Senge alimwambia alambe. Akasema hawezi. Senge akamwambia kumi na mmoja wanangoja hiyo chumvi na hakuna hata mmoja atakayeogopa kama yeye. Akalamba. Akafunga mfuko.

Njia nzima kutoka Narok kulikuwa na mvua nzuri, ile ya kupanda. Senge aliimba. Mimi nilishika kengele isilie.

Mama alikuwa kwenye miche, anang'oa magugu kwenye makaratasi. Mingine ilikuwa imegusa paa la kivuli na kuanza kujikunja. Senge alimsalimia kwa furaha, akapita moja kwa moja hadi zizini na chumvi yake. Mama hakumuuliza kitu. Aliniangalia mimi, na nikamweleza yote nikiwa nimesimama: zawadi, hasira, pwani, madume, Agosti, mtamba mmoja. Huko nyuma tulisikia ng'ombe wakikoroma juu ya chumvi. Mama aling'oa magugu ya karatasi moja zaidi, akaifuta mikono kwenye leso.

"Nilikutuma uniondolee ng'ombe," alisema, "umeniletea na mwenye ng'ombe. Haya, shika jembe. Miche itaingia hapo mnapochezea mpira."